Bunju wa Ilagala na Milango ya Neva

Siku yangu ya kwanza kazini sikuonyeshwa neva wala seli. Nilionyeshwa moto. Mkuu wa Idara, pale chuo kikuu Dar es Salaam, alinikabidhi fungu la mirija ya kioo na taa ya gesi, akasema, "Binti wa Ujiji, kaa hapo uvute." Kuvuta maana yake ni kuushika mrija juu ya moto mpaka kioo kilainike katikati, kisha kuutenganisha kwa mpigo mmoja ili ubaki na ncha nyembamba kuliko unywele, inayoweza kuingia ndani ya seli moja ya neva bila kuipasua. Mpaka saa ya chakula nilikuwa nimeivunja yote na kujichoma vidole. Nikajua nitagombezwa. Mkuu wa Idara alikuja, akalitazama lile rundo la vipande, akasema, "Vizuri. Sasa unajua kwamba kioo hakipendi haraka. Kesho uendelee."

Nayaandika haya kwa ajili yenu vijana mnaoingia kazi hii leo, ambao mashine inawavutia mirija huku nyinyi mkinywa chai. Siwaonei wivu. Haya, nawaonea kidogo. Katika miaka yangu yote nimepima neva za vyura, za kambare na za konokono, lakini ni mara moja tu ambapo neva niliyoisubiri ilikuwa ya mtu, na mtu huyo angekufa kama ningekosea. Nitamfikia. Kwanza lazima mjue kazi yenyewe ilikuwaje, la sivyo hamtaelewa kwa nini nilifanya nilichofanya.

Seli ya neva inapeleka habari kwa umeme, lakini umeme huo hautoki kwenye waya. Unatoka kwenye chumvi. Nje ya seli kuna sodiamu nyingi, ndani kuna potasiamu nyingi, na katikati kuna utando mwembamba wenye vijia vidogo sana. Vijia hivyo tunaviita chaneli za ioni, na ioni ni chembe ya chumvi yenye chaji ya umeme. Mimi tangu zamani nimeziita milango, na wanafunzi wangu wote wamenizoea. Mlango wa sodiamu ukifunguka, ioni zinaingia kwa kishindo na umeme unaruka. Wa potasiamu ukifunguka, zinatoka na mambo yanatulia. Ukigusa sufuria la moto, ni milango hiyo inayofunguka na kufungwa mfululizo kutoka kidoleni mpaka kwenye uti wa mgongo, nawe umeshauondoa mkono kabla hujasema "mama yangu!"

Mkuu wa Idara hakuwa msemaji, lakini alikuwa na sheria moja aliyoisimamia kuliko zote. Siku moja neva ya chura niliyokuwa nikiipima ilinyamaza. Kwenye osiloskopu, yaani ile mashine inayochora umeme kwa mstari wa mwanga, mstari ulilala kabisa.

"Imekufa, Profesa," nikasema.

Akavua miwani. "Umeiosha?"

"Hapana."

"Basi umeisingizia."

Kuosha ni kuipitishia neva maji safi yenye chumvi ya kiasi chake, mpaka dawa yote uliyoiwekea iondoke. Nikaosha, nikasubiri, nikakata tamaa, nikaenda zangu kula. Niliporudi mstari ulikuwa unarukaruka. Sheria ya Mkuu wa Idara ilikuwa hiyo: usiizike neva iliyonyamaza kabla hujaiosha na kuisubiri. Niliichukua nikaondoka nayo, na kwa kweli ndiyo elimu kubwa niliyoipata pale, nikiacha vyeti.

Nyumbani Ujiji mambo hayakuwa rahisi kueleza. Watu walipomwuliza mama yangu, Mungu amrehemu, mwanawe anasomea nini, alijibu "udaktari" na kuishia hapo. Alikuwa na sababu. Likizo moja nilimweleza ukweli kuhusu vyura, tena nikiwa nimeshika mwiko wake, akanifukuza jikoni na mwiko akautupa.

Baadaye nilipelekwa ng'ambo, nchi ya baridi, kusomea shahada za juu. Msimamizi wangu huko alikuwa Profesa mmoja mama mtu mzima, mkali, mwenye kupenda chai kuliko Mwarabu wa Ujiji. Yeye ndiye aliyenifundisha kutumia sumu. Msishtuke. Sumu nyingi za wanyama zina adabu zake: hii inashika mlango mmoja, ile inashika mwingine, na mtafiti anazitumia kujua mlango upi unafanya kazi gani. Siku aliyonipa chupa ndogo yenye unga mweupe, aliniambia ni sumu ya bunju, yule samaki anayejijaza maji akavimba kama mpira, ambaye watu wa pwani wanamjua vizuri na hawamli. Sumu yake inaziba mlango wa sodiamu na haigusi mwingine. Haiui neva. Inaifungia tu, na ukiiosha, neva inarudi.

"Kwetu Kigoma wako bunju," nikamwambia, "kwenye mdomo wa mto Malagarasi, katika maji yasiyo na chumvi. Sijui kama nao wana sumu hii au nyingine."

Profesa akaweka kikombe chini. "Na wewe unafanya nini hapa?"

Ndivyo nilivyorudi nyumbani.

Kituo cha utafiti nilichopangiwa kilikuwa kando ya ziwa, pale Kigoma mjini, na kazi yake ilikuwa samaki wa kuliwa: dagaa na migebuka. Mkurugenzi wa Kituo alikuwa mtu mzuri, mnene, mcheshi, ila hakuielewa kazi yangu hata nukta.

"Dakta," aliniambia, "Serikali inataka kujua ziwani mna samaki kiasi gani. Wewe unataka kujua nini kimo ndani ya samaki mmoja?"

"Ndani ya neva moja ya samaki mmoja, Mzee."

"Astaghfirullah," akasema, akanipa stoo iliyokuwa ya nyavu.

Niliitengeneza ile stoo ikawa maabara. Umeme wa neva ni mdogo sana, na umeme wa jenereta ukizagaa chumbani unaufunika usiuone. Dawa yake ni kuzungushia meza kizimba cha waya. Nikaenda mtaa wa Mwanga kwa fundi mmoja wa mabanda, nikamwelekeza vipimo. Alipomaliza akakizunguka kizimba, akakuna kichwa. "Dakta, na kuku wanaingilia wapi?" Nikamwambia hakuna kuku. Kuanzia siku ile, kila nikipita Mwanga alinisalimu na kuulizia hali ya kuku wangu. Tatizo la pili lilikuwa treni. Kila ilipoingia stesheni ardhi ilitetemeka kidogo tu, mtu asihisi, lakini mrija wangu ukachomoka kwenye seli. Nikainunulia meza mipira ya ndani ya matairi ya lori, nikaijaza upepo nikaiweka chini ya miguu yake. Mkurugenzi akawa anawaonyesha wageni: "Huyu ni Dakta wetu. Meza yake inaelea, na banda lake halina kuku."

Kila wiki nilikwenda Ilagala, kwenye mdomo wa Malagarasi, kwa boti ya kituo kuchukua bunju. Lazima niwaeleze desturi ya wavuvi wa kule, maana mambo yote yalianzia hapo. Bunju ana meno ya kukata nyavu. Mvuvi wa Ilagala akimnasa hamrudishi majini, kwa kuwa anaamini akimrudisha leo, kesho atamkuta kwenye wavu uleule. Anamtupa juu mchangani, mbali na maji, afe kwa jua. Hakuna mtu wa ziwani anayemwokota. Mzee Ramazani, kiongozi wa wavuvi waliokuwa wakinisaidia, mtu wa asili ya Kongo aliyezaliwa kando ya ziwa hilihili, alikuwa akinichekea: "Mama Daktari, wewe tu ndiye mteja wa hii takataka."

Kisha wageni wakaanza kuvuka.

Mliozaliwa baadaye mmesimuliwa, sina haja ya kurefusha. Ziwa lilijaa mitumbwi na maboti ya watu waliokimbia vita, barabara za kutoka mpakani zikajaa wengine kwa miguu. Wakongomani wengi walikuwa na ndugu huku, wakaingia majumbani. Warundi wengi walitoka milimani, watu wa maharage na migomba, ambao ziwa walikuwa wakiliona kwa mbali tu. Lugha haikuwa shida kubwa, kwa sababu Kiha na Kirundi vinasikilizana. Ilagala palifunguliwa kituo cha muda cha kuwapokea kabla hawajapelekwa makambini, pakajaa maturubai, na pembeni yake pakawekwa zahanati ya turubai chini ya Mganga Mfawidhi mmoja, kijana bado, aliyekuwa amekonda kwa kukosa usingizi. Sisi wa kituo cha samaki nasi tulipewa kazi ya kupima maji na kutia dawa visimani. Banda langu la kuku likafungwa nusu ya wiki. Sikulalamika, au nililalamika kimoyomoyo.

Asubuhi moja nilishuka Ilagala na ndoo zangu. Mchanga ulikuwa mtupu.

"Shikamoo, Mzee Ramazani. Bunju wangu wako wapi?"

"Marahaba, Mama Daktari. Zilikuwa hapa, mingi kabisa. Mimi nimerudi sasa hivi toka majini, sijui."

Binti yake aliyekuwa akishona nyavu akainua kichwa. "Wale wamama wa mulimani walipita na ndoo asubuhi. Walizikusanya zote. Walisema asante sana."

Neno lile "asante" ndilo lililonitoa jasho. Mtu hasemi asante kwa takataka. Nilitupa ndoo nikakimbia, mwanamke mzima na kanga yangu, mpaka kwenye maturubai.

Nilikuta familia moja nzima imekaa chini, watu wanatapika, wengine wanajigusa midomo na kuonyeshana kwamba imekufa ganzi. Hao walikuwa wamekula nyama tu, kidogo kidogo, na kwa bahati walikuja kupona wote. Aliyepika ndiye aliyekuwa ndani ya zahanati. Aliitwa Spesiosa. Aligawa nyama kwa watoto na wakubwa, na yeye, kama wanavyofanya mama zetu kila mahali, akajibakizia maini na mayai. Sumu ya bunju imejaa hapohapo.

Alikuwa amelazwa mkekani, hatikisiki. Mama mkwe wake alikuwa anakunja kitambaa ili amfunge taya, kama anavyofungwa maiti. Wifi yake alikuwa mlangoni, analia, na katikati ya kilio anamwuliza mwenzake kile kitenge kipya cha marehemu kitachukuliwa na nani. Sikuona pumzi. Nikamgusa shingoni: mshipa ulikuwa unagonga.

Nilipiga magoti nikaanza kumpulizia hewa mdomo kwa mdomo.

"Yoo, Mana yanje!" mama mkwe akapiga kelele akimwita Mungu wake. "Anambusu marehemu!"

Mganga Mfawidhi akaja mbio. Akainua kope za mgonjwa, akamulika tochi. "Dakta, mboni hazijibu mwanga. Huyu ameshakwenda."

"Mboni nazo zinaendeshwa na neva, Mganga. Amekula bunju. Milango ya sodiamu imezibwa mwili mzima, hawezi kusogeza kitu chochote, hata kifua. Moyo wake unapiga?"

Akasikiliza. "Unapiga."

"Basi yumo ndani. Na anatusikia. Anasikia kila neno tunalosema."

Wifi akaziba mdomo kwa mikono miwili.

Mganga Mfawidhi alinitazama. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na wagonjwa wa kuhara wamelala mpaka nje, muuguzi mmoja, na mfuko mmoja tu wa kupulizia hewa, ule mpira unaoubana kwa mkono na barakoa yake inakaa juu ya pua na mdomo. Gari la kwenda hospitali ya Kigoma lilikuwa limeshaondoka, na halikutarajiwa mpaka kesho yake. "Nikikupa mfuko," akasema, "halafu akaja mwingine anayeuhitaji, nitauchukua. Nakwambia mapema."

"Uchukue. Nina mapafu."

Akaenda akauleta mwenyewe.

Sasa mnaelewa kwa nini niliwachosha na habari za Mkuu wa Idara. Pale mbele yangu ilikuwa neva iliyonyamaza, na sheria niliijua. Tofauti ni kwamba sikuwa na maji ya kuioshea. Kuosha kungefanywa na figo za Spesiosa mwenyewe, polepole, kwa muda wake, na kazi yetu ilikuwa kumpa hewa mpaka zimalize. Niliogopa sana. Kwenye maabara ukikosea unachukua chura mwingine.

Mikono yangu ilianza kuchoka, nikaona peke yangu siwezi. Nikamfundisha wifi: bana, achia, mwache ashushe pumzi, bana tena. Alikuwa na haraka mno mwanzoni. Nikamfundisha mama mkwe, aliyebana huku anasali. Mzee Ramazani alipokuja kuulizia nimepatwa na nini, naye nikamkalisha, na huyo hakuhitaji kufundishwa mwendo, kwa maana watu wa kasia wanajua kushika mwendo mmoja kutwa. Tukawa tunapokezana. Nilipokuwa sibani, nilizungumza na Spesiosa, kwa sababu kimya kilinitisha. Nilimpa mhadhara mzima wa chaneli za ioni kwa Kiha changu cha Ujiji, na wifi yake akawa ananisahihisha maneno. Nilimwambia: milango imefungwa, haijavunjwa. Itafunguka. Wewe kazi yako ni kusubiri tu, na sisi tupo.

Usiku wake nauruka, haukuwa na jipya. Tulibana.

Kulipopambazuka, kidole gumba cha mguu wake kilitikisika. Mama mkwe akasema, "Ni nzi." Kikatikisika tena. "Si nzi," akasema mwenyewe, akaanza kulia. Ilikuwa zamu yangu. Jua lilikuwa limeshapanda nilipousikia mfuko unanigomea mkononi: ninabana, na yeye anavuta kwa upande wake. Nikatoa barakoa. Kifua kikapanda chenyewe, kikashuka, kikapanda. Nilipiga ukunga ambao mwanasayansi hatakiwi kuupiga. Mganga Mfawidhi alikaa chini juu ya ndoo, akafunika uso.

Sauti ya Spesiosa ilichelewa kuliko vyote, ikaja ya kukwaruza. Sote tuliinama kusikia neno lake la kwanza. Alimtafuta wifi yake kwa macho mpaka akampata. "Kitenge changu," akasema, "usikiguse."

Turubai lilipasuka kwa kicheko, na wifi alicheka kuliko wote, machozi yanamtoka.

Alipopata nguvu nilimwuliza aliwaokota bunju kwa nini, wakati hata hakuwajua ni samaki gani. Alishangaa kuulizwa. "Kwetu," akasema, "watu wakimaliza kuvuna, yaliyobaki shambani ni ya mwenye njaa. Anapita, anaokota, anashukuru. Mwenye shamba hamzuii, ni aibu kumzuia. Nilipoona samaki wamewekwa juu mchangani, mbali na maji, nikasema, ego, ndiyo, na hawa wa ziwani wanatuachia. Wema sana."

Mzee Ramazani alikuwa amesimama pale. Wiki iliyofuata niliposhuka Ilagala na ndoo zangu, nilikuta bunju wamechimbiwa shimo upande wa pili, na pale mchangani, mahali palepale pa siku zote, wavuvi wameacha fungu la migebuka. Wamama wa mlimani walikuwa wanakuja na ndoo zao, wanaokota, wanashukuru. Nilimwuliza Mzee Ramazani imekuwaje. Akawa mkali kidogo: "Sasa tufanye nini? Walishasema asante."

Mkurugenzi wa Kituo alipozipata habari, aliniita ofisini akanipa mkono kwa muda mrefu. Kuanzia hapo alikoma kuuliza kazi yangu inamsaidia nani, ila akazua balaa jingine: kila mgeni aliyekuja aliambiwa kwamba hapa kituoni tuna Dakta anayefufua watu. Mara ngapi nimemwambia, "Mzee, hakufa, milango ilizibwa tu!" Alinijibu kwamba mimi nishughulike na milango, hotuba nimwachie yeye. Hata hivyo aliniombea vifaa, na stoo yangu ikapata dirisha.

Nilifanya kazi pale chini ya wakurugenzi wengine baada yake, mmoja mpole, mmoja mpenda vikao. Niliwapima bunju wa Malagarasi kwa misimu mingi, nikajua ni wakati gani wana sumu kali na wakati gani wana kidogo. Kila mwaka nilizunguka zahanati za mwambao nikiwafundisha wauguzi jambo moja: aliyekula bunju asizikwe haraka, abaniwe mfuko, na watu wachunge midomo yao mbele yake, kwani anasikia. Spesiosa na wenzake walihamishiwa kambini, na amani iliporudi wakarudi kwao. Nami mwisho nikafika umri wa kustaafu, nikapikiwa pilau, nikasomewa risala, nikamkabidhi funguo binti mmoja mwerevu mwenye shahada mpya, nikaenda zangu Ujiji kulea wajukuu.

Nilidhani nitaishia hapo kuandika, na kuwaambieni tu kwamba kazi hii ni nzuri, mishahara yake ni midogo, na kicheko chake ni kingi. Lakini mwaka huohuo Spesiosa alikuja soko la Mwanga kuuza maharage, akaulizia nyumba yangu mpaka akaipata. Amekuwa mama wa haja, mnene, anacheka kwa sauti. Tulikunywa chai, tukamsengenya wifi yake na kitenge, tukamkumbuka Mzee Ramazani, ambaye hayupo tena. Ndipo nikamwuliza swali ambalo miaka yote sikuwa na ujasiri wa kumwuliza.

"Spesiosa, siku ile, uliogopa kufa?"

Akaweka kikombe. "Kufa, hapana. Ulikuwa umeniambia milango itafunguka, nami nilikuamini, hata kama Kiha chako kilikuwa kibaya." Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Niliogopa mlipokuwa mnapokezana. Wifi anachoka, anauachia ule mpira, na mama mkwe bado hajaushika vizuri. Katikati pale hakuna mtu. Hewa haiji. Nawasikia mnaambiana, 'Shika wewe,' 'Haya, nimeshika,' na mimi niko chini, nasubiri mkono. Hapo tu, Mama. Hapo ndipo nilipoogopa."

Miaka yote ile nimewafundisha wauguzi kubana na kuachia. Kupokezana nilidhani watu wanakujua wenyewe.

Alipoondoka nilikaa na vikombe mbele yangu, sikuvitoa. Jumatatu iliyofuata nilivaa viatu vyangu vya kazi, nikapanda bajaji mpaka kituoni. Yule binti niliyemwachia funguo nikaenda zangu alikuwa peke yake ndani ya kizimba cha waya, mbele ya osiloskopu ambayo mstari wake umelala, mikono imetulia mapajani, uso umemshuka. Aliponiona akasimama haraka.

"Shikamoo, Dakta. Umesahau kitu?"

"Marahaba. Kaa," nikamwambia, nikavuta kiti nikakiweka kando ya chake. "Shika wewe. Na mimi bado nimeshika."